Ujumbe wa Saa Nne Usiku Nao ni Kazi

Tanzania Bara ina sheria ya kazi ambayo wengi wanaolindwa nayo hawajawahi kuifungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Saa za ziada lazima ziwe za makubaliano, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Anayefanya kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, anastahili nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Halafu kuna kipengele kimoja kifupi ambacho ndicho kimenifanya niandike makala hii: kati ya kumaliza kazi leo na kuianza tena kesho, mfanyakazi anastahili kupumzika saa 12 mfululizo.

Nawauliza wasomaji mlioajiriwa, hasa mlio ngazi za chini: ni lini mara ya mwisho mlizipata saa hizo 12 bila simu kuzikata katikati?

Tunapozungumzia maisha ya kuwa hewani muda wote, mazungumzo huishia kwenye tabia. Redioni asubuhi, misikitini, makanisani na kwenye semina za wanandoa tunaambiwa tumekuwa watumwa wa simu, tuzime data ikifika saa 3, tuache simu sebuleni, tuwape watoto macho yetu. Ni ushauri mwema, na nyumba nyingi zingepona kwa kuufuata. Lakini unamchukulia kila mtu kana kwamba swichi ya simu yake iko mkononi mwake. Kwa watu wengi walioajiriwa haiko. Mkurugenzi anaweza kuzima simu saa 2 usiku akalala. Katibu muhtasi wake hawezi. Tofauti yao imetokana na madaraka, na jambo la madaraka halitibiwi kwa mawaidha ya kujizuia.

Dada yangu anafundisha shule ya msingi. Jumapili moja nilikuwa kwake, tumeshakula, watoto wamelala, simu ikalia saa 3:40 usiku. Kwenye grupu la shule mwalimu mkuu alikuwa ameandika: "Habari za jioni walimu wenzangu. Naomba takwimu za mahudhurio ya wiki iliyopita, kila darasa, kwa jinsia, na wenye mahitaji maalumu peke yao. Zinahitajika wilayani kabla ya saa 2 asubuhi. Tuzingatie muda tafadhali." Dakika mbili hazijaisha, majibu yakaanza kushuka. "Sawa mkuu." "Nimepokea mkuu." "Nalifanyia kazi mkuu." Emoji ya viganja viwili vilivyounganishwa, mtu mmoja baada ya mwingine. Dada naye akaandika sawa, akachomoa daftari la mahudhurio kwenye mkoba, akaketi kwenye meza ambayo sahani zilikuwa bado hazijaondolewa, akaanza kuhesabu wavulana na wasichana siku kwa siku, kwa ncha ya kalamu. Saa 4 na nusu mwalimu mkuu akarudi: "Darasa la nne bado sijawaona." Mwalimu wa darasa la nne huenda alikuwa amelala, huenda hakuwa na bando, huenda yuko msibani. Hakuna aliyejua, lakini darasa lake lilikuwa limeshatajwa mbele ya watu wote.

Simlaumu mwalimu mkuu yule. Naye aliletewa agizo na afisa elimu kata, ambaye aliletewa na walio juu yake, na wao waliletewa na walio juu zaidi. Inawezekana kabisa agizo lilitoka Ijumaa mchana likakaa wikiendi nzima kwenye simu ya mtu mmoja. Kila aliyelipokea alilisambaza kwa kidole, na kwa kulisambaza akahesabu kwamba ametimiza wajibu wake. Kazi yenyewe, ile ya kukaa chini na kuhesabu, iliteremka ngazi kwa ngazi mpaka ikamfikia mtu asiye na wa kumsambazia.

Tukumbuke tulikotoka. Simu za mkononi zilipoanza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, kupiga kulikuwa ghali kiasi kwamba tulijifunza kubipu. Bipu moja nimefika salama, bipu mbili nipigie. Aliyetaka kumfikia mwenzake ndiye aliyebeba gharama, na gharama ile ilimlazimisha ajiulize kwanza kama jambo lenyewe lina uzito wa kukwangua vocha. Ofisini ilikuwa vivyo hivyo. Mwalimu mkuu aliyekumbuka jambo Jumapili usiku aliliandika mahali, Jumatatu akalibandika kwenye ubao wa matangazo au akalisema kwenye kikao cha asubuhi kabla ya paredi. Siamini kwamba wakuu wa enzi zile walikuwa na huruma kuliko hawa wa leo. Njia ya kumfikia mtu kitandani haikuwepo, basi.

Kisha zikaja nyaya za chini ya bahari. Seacom ilitua Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Zikaja simu janja za bei nafuu na mabando ya siku, ya wiki, ya usiku. Bei ya kumfikia mtu ikaporomoka hadi karibu na bure. WhatsApp, iliyoanzishwa 2009 na kununuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, ikaongeza jambo ambalo simu ya kawaida haikuwa nalo: kumwandikia mtu mmoja na kuwaandikia watu mia mbili kunamgharimu mtumaji sawasawa. Gharama haikufutika, ilihama. Zamani mtumaji aliilipa kwa shilingi. Leo wapokeaji wanailipa kwa muda wao, kila mmoja peke yake, na kwa kuwa hakuna anayeijumlisha hakuna anayeiona. Chukua shule yenye walimu 40 na agizo linalohitaji nusu saa kulitekeleza. Dakika moja ya aliyetuma imetumia saa 20 za wenzake. Hakuna mkuu wa idara ambaye angesaini karatasi ya kuidhinisha saa 20 za ziada bila kuulizwa maswali na mhasibu. Kwenye simu anaziidhinisha kila wiki bila hata kujua kwamba ameidhinisha kitu.

Na hapo kuna dhuluma nyingine, ndogo kwa macho, ambayo inanikera kuliko zote. Simu inayopokea agizo ameinunua mfanyakazi. Umeme wa kuichaji ni luku yake. Bando la kulisomea agizo, na la kupakulia ile fomu ya kurasa kumi na mbili iliyopigwa picha, ni fedha yake. Mwajiri angemwambia karani aje na meza, wino na karatasi kutoka nyumbani, chama cha wafanyakazi kingesimama siku hiyo hiyo. Bando ni karatasi na wino wa ofisi ya leo, lakini mwenye mshahara mdogo kuliko wote ofisini analinunua kimya kimya, na likiisha anaulizwa kwa nini hajajibu.

Wapo watakaosema: kwani lazima ujibu? Soma asubuhi. Wanaosema hivyo kwa kawaida hawako ngazi ya mwisho. Novemba 2014 WhatsApp ilileta tiki za bluu za kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa, watumiaji wakalalamika, na haikuchukua muda kampuni ikaweka uwezo wa kuzizima. Watu wengi wanaamini kwamba wakizizima wamejificha. Kwenye mazungumzo ya wawili, ndiyo. Kwenye magrupu hazizimiki: aliyetuma ujumbe anaubonyeza, anachagua taarifa zake, anaona majina ya waliousoma na majina ya ambao umewafikia tu. Kati ya marafiki hilo halina uzito. Kwa mtu anayeandika tathmini yako ya utendaji, orodha ile ni daftari la mahudhurio la usiku. Kila mtumishi wa mkataba wa mwaka mmoja, kila kijana aliye kwenye kipindi cha majaribio benki au kiwandani, anajua kwamba hatafukuzwa kwa kutojibu saa 4 usiku. Anachoogopa ni kuitwa mtu asiyejituma. Sifa hiyo haiandikwi kwenye barua yoyote, na kwa hiyo haina rufaa.

Hata kusoma bila kujibu kuna bei yake. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza jambo ambalo kila mzazi anayefanya kazi atalitambua: mtu akitolewa kwenye kazi ambayo hajaimaliza na kupelekwa kwenye nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kule alikotoka, na ile kazi ya pili anaifanya akiwa nusu. Sasa fikiria kwamba kazi ya pili ni kumsikiliza mtoto anayesimulia ugomvi wa shuleni. Mama amesoma ujumbe, ameamua atalishughulikia kesho, simu ameigeuza kifudifudi. Mtoto anasimulia, mama anaitikia "mmh", na kichwani anajiuliza zile risiti za robo ya pili ziko faili gani. Hakufanya kazi hata dakika moja, lakini jioni imekwenda. Sijui ni watoto wangapi mjini wanaolala hivyo, wakiwa wamesimulia mambo yao kwa mzazi ambaye hakuyasikia, na wala si kwa sababu mzazi hawapendi.

Sheria ile ya 2004 ina kipengele kinachostahili kusomwa upya kwa macho ya leo. Inaruhusu yale mapumziko ya kila siku yapunguzwe kutoka saa 12 hadi 8, kwa makubaliano ya maandishi, pale mfanyakazi anapoishi kwenye eneo la kazi. Naamini waliofikiriwa ni watu kama mlinzi wa shamba, matroni wa bweni, mfanyakazi wa nyumbani. Watu wasio na mlango kati ya kazi na makazi yao. Leo mhasibu wa Dar es Salaam anayekaa Mbagala na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, anaishi kwenye eneo la kazi, kwa sababu eneo la kazi limelala chini ya mto wake. Na hakuna aliyemletea makubaliano yoyote ya kusaini.

Najua hoja za upande wa pili, na zina ukweli ndani yake. Simu hiyo hiyo imemwezesha mama kutoka ofisini saa 9 alasiri kumpeleka mtoto kliniki, akamalizia barua jioni akiwa nyumbani. Imempunguzia mtumishi wa zahanati ya mbali safari ya siku nzima kwenda makao makuu ya halmashauri kupeleka fomu moja. Wapo vijana wa Nairobi na Arusha wanaofanya kazi na watu wa Marekani, ambako mchana wao ni usiku wetu, na bila ujumbe wa usiku hawana ajira. Hao wameingia kwenye makubaliano: wametoa jioni wakapata mchana, na wanajua walichotoa. Ninachokipinga ni jioni kuchukuliwa huku mchana nao ukidaiwa wote.

Zipo pia kazi zisizojua usiku. Mkunga, zimamoto, fundi wa umeme anayeitwa nguzo ikianguka. Lakini hao badala ya kuivunja hoja yangu ndio wanaoijenga, kwa sababu kwao jambo hili limeshafikiriwa. Hospitali ina zamu, na nje ya zamu ina orodha ya nani anaitwa leo. Madaktari wa Tanzania walipogoma mwaka 2012, posho ya kuitwa kazini ilikuwa miongoni mwa madai yao. Walikuwa wanasema kwamba kukaa tayari ni kazi, hata usiku ambao simu haikulia. Aliye tayari hasafiri kwenda kumwona mama yake kijijini, haendi harusini akakesha, hapati usingizi mzito. Kama daktari ana haki ya kudai fidia kwa hali hiyo, na anayo, basi afisa masoko anayelazimika kuwa tayari kila usiku wa mwaka mzima kwa ajili ya matangazo ya sabuni anastahili angalau kuulizwa.

Kuna kipimo rahisi cha kutenganisha dharura na mazoea. Dharura ya kweli hupigiwa simu. Hakuna muuguzi anayeitwa chumba cha upasuaji kwa kuandikiwa kwenye grupu la watu 150. Ukiona jambo limeandikwa grupuni saa 4 usiku, likiwa na salamu za jioni na "tuzingatie muda", aliyeliandika mwenyewe anajua kwamba lingeweza kungoja hadi asubuhi. Ameliandika sasa ili litoke kichwani mwake, likakae kichwani mwa wengine.

Nchi kadhaa zimelishika jambo hili kisheria, na hazikulishika kwa namna moja. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2016, ikaanza kutumika Januari 1, 2017: kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zikae mezani na wawakilishi wa wafanyakazi kujadili haki ya kutopatikana nje ya saa za kazi. Serikali haikutaja saa. Ilizitaka pande mbili zizungumze. Australia, kuanzia Agosti 26, 2024, imempa mfanyakazi haki ya kukataa kusoma au kujibu ujumbe wa mwajiri nje ya muda wake, isipokuwa pale ambapo kukataa huko hakuna sababu ya msingi. Ureno, mwaka 2021, iliugeuza mzigo ukamwangukia mwajiri: yeye ndiye mwenye wajibu wa kutomtafuta mfanyakazi wakati wa mapumziko yake, ila kwa jambo lisilozuilika. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Seneta Samson Cherargei wa Nandi, Kenya, aliwasilisha mwaka 2022 mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira ya Kenya kwa lengo la namna hiyo, na waajiri wakaupinga kwa nguvu.

Kwa mazingira yetu mimi nachagua njia ya Ureno. Haki ya kukataa inamfaa mtu mwenye ubavu wa kukataa. Huku kwetu nafasi moja ya kazi inaombwa na mamia, na kumwitikia mkubwa ni adabu tuliyofundishwa kabla hatujajua kusoma. Ukimwambia binti wa miaka 24, mwenye mkataba wa miezi sita na wadogo zake watatu wanaomtegemea ada, kwamba ana haki ya kutomjibu mkurugenzi, umempa haki atakayoiweka kabatini. Anayepaswa kuzuiwa ni mkurugenzi. Na inawezekana kumzuia hata bila polisi wala mahakama. Mwishoni mwa mwaka 2011 ilijulikana kwamba Volkswagen, kule Ujerumani, baada ya kukubaliana na wawakilishi wa wafanyakazi wake, imepanga seva zake ziache kupeleka barua pepe kwenye simu za BlackBerry za sehemu ya wafanyakazi nusu saa baada ya zamu kwisha, na zianze tena nusu saa kabla ya zamu inayofuata. Bosi aliandika alichotaka, mashine ikalishikilia hadi asubuhi. Mfanyakazi hakuhitaji ujasiri wowote.

Naomba nisieleweke kwamba dawa ni kukatika. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania ikakaa siku kadhaa bila kurudi. Sijamsikia mtu aliyesema kwamba alipumzika siku zile. Ndugu walioko nje walihangaika kujua kama wa kwao wako salama, na waliokuwa ndani walikaa na hofu bila pa kuuliza. Chukua pia dada zetu wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Human Rights Watch iliandika kuhusu hali zao katika ripoti ya mwaka 2017, na kati ya mambo yanayojirudia kwenye simulizi za wanawake hawa ni mwajiri kushikilia pasi ya kusafiria na kuzuia simu. Kwa mwanamke aliyefungiwa kwenye nyumba ya watu Muscat, kuwa hewani ndiyo njia pekee ya mtu wa Tanga au Unguja kujua kwamba bado yuko hai. Anayelazimishwa kupatikana na anayelazimishwa kutopatikana wamenyang'anywa kitu kile kile. Ndiyo sababu siyapendi mahubiri yanayoifanya simu yenyewe kuwa adui. Grupu la ukoo lililochangishana usiku mmoja na kumtoa mgonjwa Ifakara hadi Muhimbili limetumia simu ile ile, saa ile ile ya usiku, na hakuna aliyeona amedhulumiwa.

Kwa hiyo nini kifanyike? Sioni haja ya kungoja Bunge. Mapumziko ya saa 12 tayari ni sheria. Kinachokosekana ni kukubaliana kwamba agizo lililotumwa kwa simu ni agizo, na kulitekeleza ni kazi kama kazi nyingine. Hilo linaweza kuandikwa kwenye mikataba ya hali bora ambayo vyama vya wafanyakazi hujadiliana na waajiri. TUICO ina wanachama viwandani, benki na madukani. TUGHE ina watumishi wa serikali na afya. Chama cha Walimu kina watu waliosambaa hadi vijiji vya mwisho, na ndio hao wanaohesabu mahudhurio Jumapili usiku. Viongozi wa vyama hivi wamezoea kudai mishahara na madaraja, na wana haki. Lakini muda nao ni mshahara, na huu unakatwa bila kuonekana kwenye hati ya malipo.

Ningependa mkataba wa namna hiyo useme kwa lugha nyepesi kwamba hakuna agizo linalohesabika limefika kabla ya saa ya kazi inayofuata, hata kama tiki zimegeuka bluu. Useme kwamba mtu hawezi kupewa onyo, kutajwa grupuni, wala kupunguziwa alama za tathmini kwa kutojibu nje ya saa zake. Kama ofisi inahitaji mtu wa kupatikana usiku, iwepo orodha, watu wapokezane, na aliye kwenye orodha alipwe. Na mwajiri anayetaka kazi ifanyike kwa simu atoe bando, au bora zaidi laini ya ofisi inayoweza kuachwa ofisini. Wanaosema hayo ni mambo ya nchi tajiri wahesabu kwanza wanachopoteza: mwalimu aliyekwenda kulala saa 6 usiku kwa ajili ya takwimu ndiye anayeingia asubuhi kuwafundisha watoto 80 kusoma.

Wapo ambao mikataba hiyo haitawagusa, nao wanaongezeka. Kijana wa bodaboda au bajaji anayepata abiria kupitia programu ya simu hana mwajiri anayekiri kuwa mwajiri. Hana saa 45 wala saa 12. Simu imefungwa kwenye usukani, skrini haizimi toka alfajiri, na akiiacha kidogo ale chakula anaona safari zinakwenda kwa wengine. Kwake kuzima simu ni kufunga duka. Ukimwambia apumzike kutoka mtandaoni atakuuliza, kwa haki kabisa, nani atalipa hesabu ya tajiri jioni.

Hata hivyo serikali imeshathibitisha kwamba inaweza kuingia kwenye programu hizi ikitaka. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipanga kwamba kamisheni ya kampuni hizo isizidi asilimia 15. Uber ikasitisha huduma Aprili mwaka huo, kiwango kikapandishwa hadi asilimia 25, na Januari 2023 ikarudi. Mvutano wote ule ulikuwa juu ya mgawanyo wa fedha. Muda wa dereva haukupata nafasi. Ilhali kwa mabasi ya mikoani mamlaka hiyo hiyo inataka madereva wawili safari ikizidi saa 8, kwa sababu inajua uchovu unaua. Dereva wa programu anabeba abiria yule yule, kwenye barabara ile ile ya Morogoro, akiwa peke yake na bila kikomo. Kampuni zinazomiliki programu zinajua kwa dakika aliingia hewani saa ngapi na alitoka saa ngapi, kila siku, kwa kila dereva. LATRA ianze kwa kuzitaka kumbukumbu hizo, kisha iseme hadharani dereva aruhusiwe kukaa hewani saa ngapi kabla programu yenyewe haijamfungia apumzike, na nauli ya chini iwe kiasi gani ili saa hizo zimtoshe kula.